Chumvi ya Mama Faustin

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu unayenisoma, na ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Mlima Nyiragongo, volkano yetu, ulikuwa wazi asubuhi hiyo, bila wingu, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nina akili kuliko watu wote wa Goma. Siku hiyo nilimvalisha mama wa mchumba wangu kitenge kipya, nikampeleka katika nyumba isiyo yake, nikamwomba ajifanye ni yake. Nakuambia mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Kosa lilikuwa langu, hakuna aliyenisukuma.

Jina langu ni Kahindo. Baba yangu, Papa Kasereka, alitoka Butembo na gunia moja la maharage, na nilipozaliwa mimi alikuwa tayari na duka la vitenge alivyovipitisha mpakani Bunagana, na nyumba ya matofali karibu na ziwa. Alikuwa mkali. Kanisani tulikaa benchi lilelile kila Jumapili, na binti aliyecheka barabarani aliulizwa nyumbani alichekea nini. Mume alikwisha kunitafutia, mtoto wa rafiki yake, kijana mnene mwenye adabu. Sikumchukia hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa moja tu, hakuwa Faustin.

Faustin alisukuma chikudu, hiyo baiskeli ya mbao isiyo na pedeli ambayo Goma nzima huitegemea kubebea mizigo. Marobota ya baba yaliposhuka kwenye lori, yeye ndiye aliyeyafikisha dukani. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa darasa la nne, kijijini kwao kule ng'ambo ya Rutshuru. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na risasi zilipoanza alikimbia na mama yake kwa miguu mpaka kambi ya Kanyaruchinya, wakapewa shitingi moja, turubai nyeupe la wakimbizi, wakaitandaza juu ya miti na kuanza maisha juu ya mawe ya volkano. Siku moja nilimuuliza kama anawakumbuka wanafunzi wake. Akanitajia wote arobaini na mmoja, benchi kwa benchi, na alipofika benchi la mwisho akageuka, akaenda kuchukua robota lingine. Nilimpenda siku hiyo, na tangu hapo yule kijana mnene hakuwa na lake tena kwangu.

Miezi minane tulificha. Kisha nikamwambia baba, kwa sababu Faustin alisema yeye hataki kupendwa nyuma ya marobota. Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kahindo," akasema, "mimi sikatae mutu juu ya umasikini. Mimi mwenyewe nilikuwaka masikini. Lakini mutoto wangu hatapikia chini ya shitingi. Vita ikirudia, atakukimbizia wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Aliyeniokoa ni shangazi Masika, dada yake mkubwa, mtu pekee ambaye baba alimwogopa. Alikuwa ameketi pembeni anachambua mchele.

"Wacha kwanza niende kuona jiko," akasema.

Sasa nikueleze, kwa sababu siku hizi mnaoana kwa simu. Katika ukoo wetu, kabla mbuzi hata mmoja hajafungwa uani kwa baba wa binti, shangazi huenda kwa akina kijana kuona jiko. Hapelekewi chakula, anasimama palepale mlangoni wakati mama wa kijana anapika, kisha anakula. Akirudi anasema neno moja kwa kaka yake, jiko lipo au halipo. Hataulizwa zaidi. Baba akakubali, nafikiri kwa kuamini kwamba dada yake atafika Kanyaruchinya, ataona yale matope, na neno litakuwa rahisi.

Nami niliamini hivyohivyo. Ndipo hapo akili yangu nyingi ilipoanza kufanya kazi.

Nilikuwa na rafiki, Furaha, mshonaji wa nguo, mwenye nyumba ya mbao huko Majengo. Ilikuwa na bati zuri, viti vinne na jiko dogo nyuma uani. Nikamwomba aniachie nyumba Jumamosi moja. Faustin alipopata habari alikaa juu ya chikudu chake ameinamisha kichwa.

"Mama hawezi," akasema. "Mama hajuake kudanganya."

"Ni mchana mmoja tu," nikamwambia. "Tukishaoana, nani ataulizia nyumba?"

Alikataa siku tatu. Siku ya nne alikubali, na sikujiuliza kwa nini uso wake ulikuwa vile. Mtu anayekupenda unaweza kumvuta mpaka mahali pabaya, mwanangu, na yeye atakuja tu, na wewe utasema tumekubaliana.

Mama Faustin alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye macho ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nilikwenda kumchukua asubuhi ile na kitenge kipya cha dukani kwetu, cha bluu chenye ndege. Alikigusa kwa mgongo wa mkono ili asikichafue. Tulipofika Majengo nikampitisha nyumba nzima: vikombe hapa, sahani hapa, mwiko hapa, makala ya kuwashia moto nyuma ya mlango. Alirudia kila neno kwa sauti ndogo. Aliniuliza swali moja tu.

"Na mwenye nyumba, yeye iko wapi?"

"Katembea, mama. Usijali."

"Sawa, mutoto wangu," akasema. Na mimi nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Asubuhi ile nilikuwa nimemtumia shangazi Masika ujumbe kwamba akina Faustin wamehamia Majengo, naye alifika saa sita kamili. Alisalimu, akakaa kwenye kiti, akasifu bati, kisha akainuka na kwenda kusimama mlangoni mwa jiko kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa uani naosha sahani safi. Mama Faustin aliwasha mbabula, jiko la makala, bila shida, moto ukashika vizuri. Akachemsha mboga ya lengalenga, akakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akaweka maji ya bugali. Mikono yake ilijua kazi. Nikaanza hata kuwaza nguo ya harusi.

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu kutafuta chumvi.

Chumvi sikumwonyesha. Nilikuwa nimemwonyesha kila kitu, hata mahali pa kuning'iniza kitambaa, ila chumvi. Alifungua kopo la kwanza, lilikuwa majani ya chai. Akafungua la pili, lilikuwa limejaa vifungo vya mashati vya Furaha, vyekundu na vyeupe. Akavitazama vile vifungo kidogo, akafunika kopo, akalirudisha mahali pake kwa heshima. Halafu akakaa kwenye kigoda, akaushika ukingo wa kile kitenge kipya, akafungua fundo dogo nisilojua kama lipo. Ndani yake mlikuwa na chumvi. Akachukua kwa vidole vitatu, akatia kwenye lengalenga, akafunga fundo tena.

Shangazi aliondoka mlangoni, akaketi. Alikula, na alikula vizuri, akaongeza bugali. Alinawa mikono. Ndipo akamgeukia Mama Faustin na kumuuliza kwa upole kabisa.

"Mama, ile chumvi ulitosha wapi?"

Nilitaka kuingilia. Faustin, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta, alinitazama, nikarudi kwenye sahani zangu.

"Ni ya kwangu," Mama Faustin akajibu. "Siku tulikimbia nilikuwa napika. Nilisikia masasi, sikushika sufuria, sikushika nguo. Nilijikuta njiani na chumvi mu mukono. Nikaifunga. Ikipungua naongezaka ingine, lakini siiachake iishe. Hivi ile ya mu nyumba yangu ingali ndani."

"Na nyumba yako ni wapi?"

Yule mama akatazama viti vinne, akatazama bati. Akanitazama na mimi, na naapa hakukuwa na hasira machoni mwake. Alikuwa ananiomba ruhusa.

"Nyumba yangu iliungua," akasema. "Sasa niko Kanyaruchinya."

Shangazi akamshukuru kwa chakula, akamshika mikono yote miwili, akachukua mwavuli wake na kutoka. Nilimfuata. Tulitembea kutoka Majengo mpaka karibu na ziwa, naye hakuwa mtu wa kutembea akiweza kupanda pikipiki. Kwenye lango la nyumba yetu akasimama.

"Umemufundisha mama wa mutu mahali vikombe viko, sawa mutoto wa komunyo ya kwanza," akasema. "Ule mama alikuwaka na nyumba yake, Kahindo. Na jiko yake, na rafu yake, na chumvi yake. Vita ilimunyanganya. Wewe ukakuja nyuma ya vita, ukamunyanganya hata ile kidogo alibakia nayo. Ile njo unaita mapendo?"

Nililia. Nilimwambia nilifanya hivyo kwa sababu ya baba, kwa sababu ya watu wa kwetu wanaodharau wakimbizi.

"Ni nani alimuficha leo?" akauliza. "Ni baba yako? Mimi nilikuwa nakuja kula mu shitingi. Nilikuwa nimevaa hata viatu ya matope."

Nikatazama miguuni kwake. Alikuwa amevaa bote za plastiki, zile za shambani. Mchana kutwa sikuwa nimeziona.

Alimwambia baba yote, na mwisho akaongeza kwamba alikula na akashiba. Baba alikasirika kwa namna yake. Chikudu cha Faustin kikazuiwa kufika dukani, nami nikarudishwa nyuma ya kaunta chini ya macho ya mama yangu. Wiki ile Faustin alikutana nami nje ya kanisa. Alinipa kile kitenge cha bluu, kimefuliwa na kukunjwa, na kwenye kona moja mikunjo ya lile fundo bado ilionekana.

"Mama anasema aksanti," akaniambia. "Anasema hana ugomvi na wewe. Lakini anasema mu jiko yako hataingia."

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilikubali," akasema. "Ile inaniuma kupita yako."

Niliona nimempoteza, mwanangu. Nakumbuka nilisimama pale na kitenge kifuani na watu wa misa wakinipita. Sikuwahi kuwa na huzuni kama ile kabla, na baadaye nimezika watu.

Jumapili iliyofuata shangazi alinichukua baada ya misa, bila kuomba ruhusa ya baba, tukapanda mpaka Kanyaruchinya. Tulipita katikati ya maturubai mpaka la kwao. Shangazi akaketi juu ya bidoni la njano la kutekea maji, akasema amekuja kuona jiko. Mama Faustin alipika maharage juu ya mawe matatu, moshi ukitutoa machozi wote. Nilipiga magoti pale kwenye mawe nikaomba msamaha. Akaniinua, akasema amesamehe zamani, na Faustin akanisogezea jiwe la kukalia kando yake. Shangazi akarudi na kumwambia kaka yake neno moja, jiko lipo.

Baba hakujibu mwaka mzima na zaidi. Tulisubiri. Faustin alipata darasa la watoto wa wakimbizi pale kambini, nami nikakataa wachumba wawili kwa adabu. Kisha mapigano yakafunga njia ya Bunagana baba akiwa upande wa pili, akarudi kwa miguu siku nne pamoja na watu asiowajua, akilala madarasani. Aliyoyaona hakutusimulia. Alikaa wiki moja akivua miwani na kuifuta, halafu akasema wakati wa chakula: "Yule mwalimu aje na watu wake. Watu wake wa kweli." Walikuja wanne, wawili wao wamevaa ndala. Baba aliwapokea langoni mwenyewe.

Tulioana, tukapanga nyumba ndogo Majengo. Kambi ilipovunjwa Mama Faustin hakuwa na pa kurudi, akaja kukaa kwetu, kwenye chumba cha uani. Na neno lake alilishika. Aliwalea watoto wangu, alinitibu malaria, alinitetea kwa mume wangu hata pale nilipokosea. Jikoni hakuingia. Alipika vyake kwenye mbabula yake mbele ya chumba chake. Chakula changu alikula, na alipokiona kimepungukiwa, hakuniitisha chumvi. Alifungua fundo la kitenge chake, akatia ya kwake. Mara moja nilimwambia, "Mama, si ulinisamehe?" Akanijibu kwamba kusamehe alisamehe, kuingia ni kitu kingine. Miaka kumi na saba niliishi na lile fundo mezani pangu.

Halafu ikafika zamu ya binti yangu mkubwa. Kijana alitoka familia nzito kuliko hata ya baba yangu, watu wa nyumba za ghorofa, na walipanga kuja kujitambulisha Jumamosi mchana. Niliazima sahani, nilipaka rangi salon, sebule yetu. Na asubuhi ileile, kwa kuwa vita havina kalenda, watu walishuka kutoka Kibati na vifurushi vichwani, na miongoni mwao walikuwa ndugu wa Mama Faustin, kaka yake mzee na wajukuu wanane wa huyo kaka. Walijaa uani kwangu, wana matope mpaka magotini. Yule mzee alikuwa peku.

Sitakudanganya. Nilisimama mlangoni nikahesabu saa zilizobaki. Jirani yangu alikuwa na ua mkubwa uliofungwa. Wangeweza kupumzika kule, wangepewa chai, wageni wangekuja na kuondoka, na jioni ningewarudisha. Nilijisikia nikisema moyoni: ni mchana mmoja tu. Nilipoyasikia maneno hayo nikashika mwimo wa mlango. Mama Faustin alikuwa mbele ya chumba chake, ananitazama.

Nilichemsha maji ya kuoga. Nilimpa yule mzee suti ya mume wangu, na viatu, akavikataa kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba. Wageni walipoingia salon, walimkuta ameketi kwenye kiti kikubwa upande wetu, suti imemzidi mabega, miguu mitupu juu ya zulia. Watoto wanane walikuwa chini wanakula. Nikawaambia wageni: "Huyu ni muzee wetu, muyomba wa mume wangu. Wamefika leo, wamekimbia vita." Mama wa kijana alitazama miguu ile. Sikujua moyoni mwake kulikuwa na nini, na binti yangu aliendelea kuwapangia wageni sahani.

Nikarudi jikoni kuangalia maharage, nikawa nimesimama tu, siwezi kazi. Nikasikia ndala nyuma yangu. Mama Faustin aliingia. Hakuangalia kulia wala kushoto. Alinyoosha mkono juu ya rafu, upande wa kushoto, akashusha kopo langu la chumvi, kopo ambalo hakuwahi kuonyeshwa na mtu. Akalifungua. Akafungua lile fundo, akamimina ya kwake yote ndani ya yangu, akakung'uta kitambaa. Kisha akachovya vidole vitatu, akatia kwenye sufuria.

"Maharage yako ilikosa chumvi, mutoto wangu," akasema, na akaanza kukoroga.

Sikulia, maana wageni walikuwa na njaa. Lakini sasa ninapoandika nalia.

Utaniuliza wale matajiri walisema nini. Walirudi mara ya pili, na baba wa kijana alimletea yule mzee viatu vya wazi vinavyomfaa mwenye miguu iliyovimba. Wangeweza pia wasirudi. Ningehuzunika na binti yangu angelia sana, lakini tungebaki na watu wetu na hakuna ambaye angefichwa.

Hilo ndilo ninalotaka kukuachia, mwanangu, wewe unayempenda mtu ambaye kwenu hawamtaki. Sikwambii uache. Mimi sikuacha. Sikwambii uwadharau wazazi wako pia, kwa maana mara nyingi ukali wao ni woga, na swali la baba yangu lilikuwa swali la mtu aliyewahi kukimbia. Mjibu mzazi kwa ukweli na umpe muda, hata kama ni mwaka, hata kama unaona unazeeka. Lakini usimsafishe mtu wako ili akubalike. Usimfundishe mama yake kujifanya mwingine. Peleka shangazi yako pale pale penye matope, aketi kwenye bidoni, ale. Akikataa, awe amekataa jambo la kweli, nawe utajua pa kuanzia. Akiukubali uongo wako, utaulinda maisha yako yote, na anayelipa si wewe. Anayelipa ni yule mama mwenye fundo.

Mama Faustin tulimzika kwenye kilima, upande unaotazama barabara ya kwao. Kopo lipo palepale, rafu ya kushoto. Likipungua naongeza, siliachi liishe.

Mungu akupe amani tuliyokosa sisi. Akupe mtu wa kukupenda mchana kweupe, na wazazi wenye masikio. Akupe nyumba isiyoungua, na jiko ambalo mama wa mwenzako ataingia bila kubisha hodi, anyooshe mkono, na chumvi aikute.